Kata mfumo penye mzani: hotuba kwa wabanguaji wa korosho na mafundi wa TEHAMA, Mtwara

Shikamooni wazee. Ndugu wasindikaji, ndugu makatibu na wahasibu wa AMCOS, yaani vyama vya msingi vya ushirika vya wakulima, watunza ghala, nanyi vijana wa TEHAMA, habari za asubuhi.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa Kusini madaftari tunayo. Katika kiwanda kidogo cha kubangua korosho utakuta daftari la mlangoni, la ghala, la chumba cha kupikia, la wabanguaji, la tanuri na la madaraja, na huko ofisini kitabu cha stakabadhi. Kila moja limeandikwa kwa uaminifu, ila hayajuani. Mnunuzi wa nje akilalamika kwamba kasha moja limenuka mafuta yaliyochacha, hakuna anayeweza kujibu siku ile ile korosho zile zilipikwa lini, zilitoka ghala gani, na ni makasha mangapi mengine yamebeba korosho hizo hizo. Leo tunazungumzia namna ya kujenga mfumo wa taarifa unaojibu swali hilo, tena kuujenga kwa moduli, ili sehemu moja ikiharibika au ikibadilishwa nyingine ziendelee na kazi.

Moduli ni sehemu ya mfumo yenye kazi moja, yenye data zake yenyewe, na yenye mlango mmoja unaojulikana. Anayetaka kitu kutoka ndani hupiga hodi akapewa hati. Haingii chumbani kupekua kabati. Maana ya neno hilo ni hiyo tu, na mengi tutakayosema leo yanatokana na hodi hiyo.

Kosa la gharama kubwa kuliko yote hufanyika kabla hata mstari mmoja wa programu haujaandikwa: mfumo hugawanywa kwa kufuata milango ya ofisi. Mhasibu anapewa sehemu yake, mtunza stoo yake, msimamizi wa uzalishaji yake. Inaonekana sawa kwa sababu ndivyo watu wanavyokaa. Lakini gunia moja la korosho linapita kwa wote watatu, kwa hiyo linaandikwa mara tatu kwa uzito tofauti, na mwisho wa mwezi watu wanakesha wakitafuta nani amekosea. Siku mtunza stoo akiunganishwa na idara ya manunuzi, programu inabidi ivunjwe, ilhali korosho haijabadilika hata kidogo.

Mwaka 1972 mtaalamu wa kompyuta David Parnas alionyesha kwamba programu igawanywe kwa kutazama maamuzi yanayoelekea kubadilika, na kila uamuzi wa namna hiyo ufichwe ndani ya moduli moja ili ukibadilika usiwaguse wengine. Tulete kanuni hiyo kwenye korosho. Ni nini hubadilika kwetu? Kwanza, namna ya kuuza. Msimu wa 2007/08 stakabadhi ghalani zilianza kutumika kwenye korosho. Novemba 2018 serikali ikaamua kununua korosho za wakulima kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Msimu wa 2024/25 minada ikahamia kwenye mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Programu iliyochomelea taratibu za mnada ndani ya hesabu za ghala ingepasuliwa kila mara. Hubadilika pia tozo na makato, hubadilika viwango vya ujira, hubadilika mashine, na wanunuzi hubadilisha majina ya madaraja wanayotaka.

Sasa tazameni kile ambacho hakikubadilika katika miaka yote hiyo: mzigo unapohama kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, au unapobadilika sura, unapanda mzani. Mkulima na AMCOS wanakutana kwenye mzani. AMCOS na ghala kuu wanakutana kwenye mzani. Ghala na kiwanda, vivyo hivyo. Ndani ya kiwanda, aliyepika na anayebangua wanakutana kwenye mzani, na aliyebangua na anayekausha wanakutana kwenye mzani. Kwa hiyo ushauri wetu kwa mbunifu yeyote wa mfumo wa kiwanda ni huu: kata mfumo penye mzani. Mpaka wa moduli uwe pale ambapo watu wawili wanatazama namba moja na kukubaliana.

Msikilizaji makini atasema kwamba huko ni kufuata hatua za kazi, jambo ambalo Parnas alilionya. Hapana. Kati ya mzani na mzani kuna chumba, na yanayofanyika chumbani ndiyo yanayobadilika. Leo tanuri la kukaushia, ambalo wengi mnaliita borma, linawaka kuni. Kesho litatumia umeme au gesi. Leo ganda la ndani linamenywa kwa kisu kidogo, kesho kwa mashine ya hewa. Moduli ya chumba hicho itaandikwa upya, lakini jirani zake hawatajua, kwa sababu wao wanaona kilo zilizoingia na kilo zilizotoka tu. Mzani unaificha njia ya kazi, na hicho ndicho tunachokihitaji.

Tuupite mstari wenyewe, kwa kiwanda kinachonunua korosho ghafi na kuuza zilizobanguliwa. Mzani wa kwanza uko AMCOS: mkulima, daraja la kwanza au la pili, idadi ya magunia, uzito. Wa pili uko ghala kuu, ambako lori hushushwa na stakabadhi hutolewa. Wa tatu ni mlango wa kiwanda. Hapo ndani korosho huanikwa, huchambuliwa kwa ukubwa, hupikwa kwa mvuke, kisha hupumzishwa kati ya saa 12 na 24 kabla ya kubanguliwa. Mzani wa nne ni wa kukabidhi ndoo kwa mbanguaji na kupokea alichobangua. Wa tano hufuata baada ya tanuri na kumenya ganda jekundu la ndani. Wa sita ni wa madaraja na kufungasha, ambako korosho huingia kwenye makasha ya kilo 22.68, yaani ratili 50. Mizani sita, moduli sita. Pembeni yake ziko nne ambazo hazina mzani: ya watu na majina yao, ya ujira, ya bei na makato, na ya risiti za TRA. Kiwanda kidogo hakihitaji zaidi ya kumi hizo. Mkiona mchoro wa mfumo wenye moduli 40, muulizeni aliyeuchora ni nani atakayezitunza.

Moduli huongea kwa hati, na hati hiyo ndiyo mkataba. Kwenye karatasi moja, kabla ya kuandika programu, mkubaliane sehemu zake: namba ya hati, kituo, aina ya tukio, loti inayotoka (loti ni fungu la mzigo lenye namba yake), loti inayoingia, uzito pamoja na chombo, uzito wa chombo kitupu, idadi ya magunia au ndoo, unyevu kama umepimwa, namba ya mfanyakazi, muda, namba ya mfuatano wa kituo, na namba ya hati inayorekebishwa kama hii ni ya marekebisho. Uzito halisi wa mzigo usihesabiwe kichwani na kujazwa kwa mkono; mfumo uutoe wenyewe. Gunia tupu la juti lina uzito wa karibu kilo moja. Kwenye lori la magunia 375 ya kilo 80, ambalo ni tani 30, anayesahau kutoa uzito wa magunia amenunua kilo 375 za juti kwa bei ya korosho.

Hati ikishaandikwa haifutwi wala haihaririwi. Ikikosewa, inaandikwa nyingine inayosema namba fulani ilikosewa, sahihi ni hii, na aliyerekebisha ni fulani. Mafundi wengi huona huu ni usumbufu, wakaweka kitufe cha kuhariri. Kitufe hicho ndicho kinachoua imani ya wakulima na wabanguaji, kwa sababu namba aliyoiona mtu jana kwenye risiti haifanani na ya leo, na hakuna wa kumweleza kwa nini.

Kuna katazo moja msilolegeze hata mkiwa na haraka: moduli isisome majedwali ya moduli nyingine. Fundi wa ujira atasema, "Kwa nini nisubiri hati? Kanzidata ni moja, nichukue kilo moja kwa moja kwenye jedwali la ubanguaji." Itafanya kazi siku hiyo. Miezi minne baadaye safu ya uzito itabadilishwa kutoka kilo kwenda gramu, na ujira wa Ijumaa utatoka mara elfu moja ya stahili, au sifuri. Kanzidata inaweza kuwa moja kwa kubana gharama, programu ya kanzidata iitwayo PostgreSQL inatosha kabisa, lakini kila moduli iwe na akaunti yake na neno la siri lake, na akaunti hiyo iruhusiwe kuona majedwali yake tu. Kukatazana kwa mdomo hakutoshi. Kanzidata yenyewe ikatae.

Tuje kwenye loti, maana hapa ndipo mifumo mingi inapofia. Loti ya korosho haibaki nzima. Magunia ya vyama vitatu yanaingia kwenye jungu moja la kupikia. Jungu moja linagawanywa kwa wabanguaji 40. Korosho zao zinaunganishwa tena kwenye sinia za tanuri, halafu zinatawanywa katika madaraja: korosho nzima nyeupe W180, W210, W240, W320, W450 (namba ni idadi ya korosho kwa ratili), zilizoungua kidogo, nusu, vipande. Mbunifu asiyeujua mwendo huu huweka safu moja iitwayo "loti mzazi", akiamini kila loti ina mama mmoja. Ndani ya wiki ya kwanza opereta ana loti yenye akina mama watatu na nafasi ya kuandika mmoja. Anachagua wa juu, na ufuatiliaji umekufa bila kelele.

Dawa yake ni jedwali dogo la safu tatu: loti iliyotoa, loti iliyopokea, gramu ngapi. Mstari mmoja kwa kila muungano au mgawanyo. Kwa jedwali hilo, swali la kujirudia ndani ya PostgreSQL, linalofuata mstari hadi mstari, linapanda kutoka kasha hadi kila AMCOS iliyochangia, kisha linashuka kutoka AMCOS moja hadi kila kasha lililopata korosho zake. Kontena la futi 20 hubeba makasha 700, yaani kilo 15,876. Ikiwa kila kilo 100 za korosho ghafi zimekupa kilo 22 zilizo tayari, kontena hilo limekula karibu kilo 72,200 za ghafi, magunia zaidi ya 900. Bila jedwali hilo, kasha moja bovu linakulazimisha kutilia shaka yote 700.

Hata hivyo programu haiwezi kutenganisha kile ambacho mikono imekichanganya. Kama beseni la meza ya madaraja halimalizwi, kila siku likimiminiwa juu ya mabaki ya jana, basi kihesabu loti zote za mwaka zimeungana, na jibu la mfumo litakuwa "makasha yote". Mwisho wa zamu beseni likombwe mpaka chini, mabaki yapimwe, yapewe loti yake. Hili ni agizo la msimamizi, wala si kazi ya fundi wa kompyuta, lakini bila hilo kazi ya fundi ni bure.

Namba ya loti izaliwe kituoni. Msiifanye ile ya kuombwa kutoka kompyuta kuu, kwa sababu mtandao ukikatika mzani utasimama ukisubiri namba. Kila kituo kipewe herufi zake. Namba iwe herufi za kituo, tarehe, na mfuatano wa siku, mathalani TDH-251103-004, na mwisho tarakimu moja ya kukagua ili anayeandika kwa mkono akibadilisha nafasi za tarakimu mbili mfumo ukatae papo hapo. Vituo viwili havitagongana hata vikikaa wiki nzima bila kuonana.

Na mtandao utakatika. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilileta mafuriko yaliyoikata barabara ya Dar es Salaam na Lindi maeneo ya Somanga, na tarehe 12 ya mwezi huo huo nyaya za baharini zilipata hitilafu, intaneti ikazorota nchi nzima. Kiwanda hununua katika msimu lakini hubangua mwaka mzima. Siku kama hiyo wabanguaji wamekaa mezani na ndoo zimejaa. Kwa hiyo kila mzani uwe na kompyuta yake ndogo yenye kanzidata yake, ile ndogo iitwayo SQLite inatosha, na hati ziingie kwenye foleni. Mtandao ukirudi foleni inatumwa. Hapa kuna mtego: kituo kinatuma hati, kompyuta kuu inapokea, jibu linapotea njiani, kituo kinatuma tena. Mpokeaji asiyekagua ataandika gunia mara mbili. Namba ya hati ndiyo kinga: ikija namba iliyokwisha pokewa, jibu ni "nimeipata" na hakuna kinachoongezwa.

Saa nayo ni adui. Kompyuta ndogo nyingi za bei nafuu, kama Raspberry Pi 4, hazina saa yenye betri. Umeme ukirudi na intaneti haipo, saa inaanza na muda wa zamani, na hati za leo zinaonekana za jana. Weka kipande cha saa cha DS3231 chenye betri ya CR2032, na bado usipange matukio kwa saa peke yake. Panga kwa namba ya mfuatano ya kituo, ambayo hupanda tu na kamwe hairudi nyuma. Ongeza UPS ndogo, yaani betri ya akiba ya umeme, kwa kuwa kadi ya kumbukumbu huharibika umeme unapokatika katikati ya kuandika.

Mzani wenyewe sasa. Vionyeshi vingi vya mizani hutoa waya wa data wa aina ya RS-232 kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde, na hutuma mstari unaofanana na ST,GS,+0080.4kg. Herufi mbili za mwanzo ni muhimu kuliko namba: ST maana yake mzani umetulia, US maana yake bado unacheza. Programu inayochukua namba ya kwanza inayofika itaandika gunia la kilo 80 kuwa 74 au 86, kutegemea lilivyotupwa. Subirini ST, tena mara tatu mfululizo kwa namba ile ile. Kisha uzito usiporudi karibu na sifuri, gunia jipya lisikubaliwe. Hivyo gunia moja haliandikwi mara mbili. Na ndani ya moduli hiyo hiyo iandikwe tarehe ambayo Wakala wa Vipimo waliukagua mzani, mfumo uanze kukumbusha siku 30 kabla ya ukaguzi unaofuata.

Vipimo vyote vihifadhiwe kwa gramu, namba nzima, bila desimali. Kompyuta inayojumlisha 22.68 mara 700 kwa namba za desimali za kawaida huacha vijisehemu mwishoni, na mhasibu atalala na vijisehemu hivyo. Andika gramu 22,680, na desimali ionekane kwenye kioo na kwenye karatasi tu. Fedha kadhalika, shilingi nzima.

Ratili zitawasumbua katika sehemu mbili. Ya kwanza ni madaraja: W320 ni korosho nzima nyeupe, 300 hadi 320 kwa ratili moja. Ya pili ni kipimo cha ubora wa korosho ghafi, ambacho soko hukitaja kwa ratili kwa gunia la kilo 80. Sampuli ya kilo moja inakatwa. Tuseme korosho nzuri ni gramu 255 na zenye dosari kiasi ni gramu 24. Zenye dosari huhesabiwa nusu, 12, jumla 267. Zidisha kwa 80, gawanya kwa 453.6, ambazo ni gramu za ratili moja, unapata ratili 47.1. Hifadhini gramu 255 na 24, msihifadhi 47.1 peke yake. Mnunuzi akibisha baadaye, jibu liko kwenye gramu.

Unyaufu unastahili hesabu yake ndogo, kwa sababu ndio neno linalofunika wizi. Chukueni kilo 8,000 zenye unyevu wa asilimia 10, zikaanikwa hadi asilimia 8. Wengi huondoa asilimia 2 ya 8,000 na kusema unyaufu halali ni kilo 160. Si sahihi, kwa sababu kinachobaki bila kubadilika ni kitu kikavu, kilo 7,200, nacho sasa ni asilimia 92 ya mzigo mpya. Gawanya 7,200 kwa 0.92, unapata kilo 7,826. Maji yaliyotoka ni kilo 174. Mzani ukisoma 7,650, basi kilo 176 nyingine hazikuondoka kwa jua. Mtunza ghala mwaminifu anaonewa na hesabu ya 160, na asiye mwaminifu anajificha ndani ya neno "unyaufu" lisilo na hesabu yoyote. Ndiyo maana unyevu upimwe na kuandikwa kila mzigo unapopanda mzani wakati wa kuingia na kutoka, si mara moja kwa msimu.

Makato yakae kwenye jedwali, yasikae kwenye programu: jina la tozo, kiasi kwa kilo au asilimia, tarehe ya kuanza, tarehe ya kuisha. Tozo ikibadilika katikati ya msimu, mstari wa zamani unafungwa na mpya unafunguliwa, na malipo ya mzigo wa wiki iliyopita yanaendelea kuhesabiwa kwa kiwango cha wiki iliyopita. Katibu wa AMCOS aweze kuyafanya mabadiliko haya mwenyewe, kwa idhini ya mtu wa pili, bila kumpigia simu fundi aliye Dar es Salaam.

Chumba cha ubanguaji kina mambo yake, na hapa tunaomba mtusikilize kwa moyo, kwa sababu wengi wanaofanya kazi hiyo ni akina mama wanaolipwa kwa kilo. Mafuta ya maganda yanaunguza ngozi, na mikono ya mbanguaji ina majivu au mafuta ya kujikinga. Kioo cha kugusa hakifanyi kazi kwa mikono hiyo. Baada ya wiki kimekuwa cheusi. Tumieni kadi ya plastiki yenye msimbo wa kusomwa kwa mashine, vitufe vikubwa vinavyooshwa, na kioo kinachosomeka kwa mbali. Karatasi ya kubandika kwenye ndoo huloa mafuta ndani ya saa moja, na kwenye chumba cha mvuke hubanduka. Jungu na ndoo zipewe namba iliyogongwa kwenye bati. Mbanguaji aone namba mbili palepale: kilo zake za sasa na jumla yake ya siku, kisha apewe kijikaratasi. Asipoiona namba yake, mfumo umejengwa juu yake badala ya kujengwa kwa ajili yake.

Majina, simu na namba za vitambulisho vya wakulima na wafanyakazi yakae katika moduli moja tu ya watu. Moduli nyingine zote zitumie namba. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inawabana wenye kutunza taarifa hizo, na ni rahisi zaidi kufunga kabati moja kuliko kumi.

Mkianza, msianze na yote. Historia ya ukanda huu inatosha kutuonya: uzalishaji wa korosho nchini ulishuka kutoka takriban tani 145,000 msimu wa 1973/74 hadi chini ya 20,000 msimu wa 1986/87, na viwanda vikubwa vya serikali vilivyokuwa vimejengwa vikakosa cha kubangua. Mashine kubwa isiyogawanyika ikikosa mzigo hulala yote. Anzeni na mzani wa mlango wa kiwanda, wiki sita, daftari likiandikwa sambamba. Kila jioni linganisheni. Tofauti ikitokea, tafuteni sababu usiku huo huo, maana kesho kutwa hakuna atakayekumbuka. Zikipita siku kumi mfululizo bila tofauti, daftari lifungwe. Kisha mzani wa kufungasha, mwisho kabisa wa mstari. Mkishakuwa na ncha mbili mnajua kiasi kinachopotea katikati, na hasara yenyewe itawaonyesha moduli ya tatu iwe ipi. Mara nyingi ni ubanguaji. Ujira uje baada ya ubanguaji kutulia, kamwe usije kabla, kwa sababu malipo yaliyokosewa mara moja huwafanya watu warudi kwenye daftari milele.

Na siku ya kupokea mfumo, kabla hamjatia saini ya malipo ya mwisho, fanyeni haya mbele ya aliyeutengeneza. Zimeni kompyuta kuu saa nne asubuhi, kazi ikiendelea. Mizani iendelee kupima kwa saa mbili. Washeni, subirini foleni ziishe, hesabuni hati za kila kituo: isizidi moja, isipungue moja. Ondoeni moduli ya ujira kabisa, muone kama kufungasha kunaendelea. Chukueni kasha lolote kutoka stoo, mtake orodha ya AMCOS zake zote na makasha ndugu zake, ndani ya dakika kumi. Halafu mtake data zote zitolewe kwenye mafaili ya kawaida yanayofunguka kwa programu ya majedwali, pamoja na programu yenyewe ilivyoandikwa, zikae kwenye diski yenu, kwenye kabati lenu. Akisita hapo, shikilieni hundi.

Asanteni sana. Tupokee maswali, tuanze na watunza ghala.